Betri Yenye Uzi wa Buluu

Katika nyumba yetu betri ilikuwa na mahali pake, kama mgeni wa heshima anavyokuwa na mahali pake. Ilikaa upande wa kushoto wa jiko, juu ya kipande cha blanketi la manyoya ya farasi. Haikusogezwa karibu zaidi, maana moto huikausha maji. Haikuwekwa mlangoni, maana kila mlango ukifunguliwa wingu la baridi huingia na kutambaa sakafuni hadi chini ya meza. Marehemu mume wangu, Prokopi Burtsev, ndiye aliyepachagua mahali hapo mwaka tulipohamia, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuweka ndoo wala viatu hapo.

Ninaandika habari zake kwa sababu zilikaa vibaya vinywani mwa watu kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mkubwa. Kwanza aliendesha gari la maziwa, kisha gari la shule ya kijiji chetu, hapa kando ya mto Aldan. Hakupewa nishani na hakuitaka. Lakini ilifika miaka ambayo hapakuwa na gari lililowaka kijijini asubuhi ya Januari bila mkono wake kuwa umeigusa betri yake usiku uliotangulia.

Januari haina mjadala na mtu. Gari likizimwa jioni na betri ikaachwa ndani, asubuhi ni chuma tu. Mwenye gereji yenye moto hulilaza gari humo. Mwenye mafuta ya kumwaga huiacha injini iungurume usiku kucha. Sisi wengine huitoa betri, tukaikumbatia kifuani kama mtoto aliyelala, tukaiingiza nyumbani.

Alipokuja kunichumbia alikuja na betri. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu cha Yakutsk kufundisha historia, na baba yangu, aliyekuwa mkuu wa shule, alikuwa ameshanitafutia daktari wa mifugo. Prokopi aliingia sebuleni na nyusi nyeupe kwa barafu, mikono yote miwili imeshika betri ya gari la maziwa, na kabla ya kutoa salamu ya posa aliuliza iwekwe wapi. Mama yangu alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Huyu kaja kuposa au kaja kuchaji?" aliniuliza, bila hata kupunguza sauti.

Baba hakucheka. Alimwambia Prokopi aiweke karibu na jiko, kisha akamwambia mama kwamba mtu anayekumbuka kuwa asubuhi itafika ndiye mtu wa kumwozesha binti. Daktari wa mifugo alioa mwingine.

Niliolewa katika nyumba yenye jina. Jina lenyewe lilitokana na jambo dogo ambalo watu walilicheka miaka mingi. Baba mkwe wangu alikuwa akiendesha lori la nyasi juu ya mto ulioganda, akaona kitu cheusi kando ya njia, akapita. Alipofika karibu na kijiji, moyo ulimkataa. Akageuza lori lililojaa, akarudi njia yote ile katika ukungu. Kilikuwa kisiki. Alirudi nyumbani alfajiri na sharubu zimeganda, na hadi anazikwa watu walikuwa wakimsalimu kwa kumuuliza kisiki hajambo. Lakini walimheshimu, na sisi tulikirithi kisiki kile kama wengine wanavyorithi fedha. Kwetu barabarani, gari likisimama, anayefuata husimama. Haulizi ni la nani. Watoto wetu walilelewa kwa maneno hayo: hakuna Burtsev aliyewahi kupita kilichosimama, hata kisiki.

Prokopi alikuwa na chaja aliyoiunda upya kwa mikono yake, na mshale wake ulikuwa mkweli kuliko watu wengi. Wanaume waliokwenda migodini au mawindoni walimwachia betri zao, na wake zao walizileta kwa sleji, wakakaa kunywa chai ya maziwa na kula chapati za siagi. Ukutani pakawa na safu ya betri. Ili zisichanganyike, alifunga uzi wa sufu kwenye mshikio wa kila moja: mwekundu kwa nyumba ya mzee Yegor, aliyewahi kuendesha malori ya barafuni na sasa anaendesha maneno, kijani kwa jirani yetu Fevronia. Kila mtu aliijua rangi yake na za wenzake. Fevronia alipenda kuzihesabu kwa kidole, kisha kunigeukia.

"Mwalimu, mumeo ana watoto wengi kuliko wewe. Na wote wanalala bila kulia."

Tulikuwa na mtoto mmoja, Erchimen. Betri yake ilikuwa na uzi wa buluu, ambao Prokopi aliufumua kutoka kwenye glovu nilizomfumia mtoto huyo alipoanza shule. Erchimen alikwenda kusoma mjini, akapata kazi ya kupima ardhi huko, akanunua gari dogo la Kijapani. Kila alipokuja kututembelea, baba yake alikuwa akifungua boneti kabla hajamkumbatia.

Mwaka ule alikuja kwa sikukuu za mwaka mpya. Walitaniana mezani kama kawaida yao. Erchimen alimwambia baba yake kwamba mjini siku hizi watu hawabebi betri tena, kuna kifaa kinachoipasha injini moto, unakiamrisha kwa simu ukiwa kitandani.

"Na simu ikiganda?" Prokopi aliuliza.

"Simu inalala na mimi, baba."

"Basi na betri ilale na mimi. Kila mtu na wake."

Asubuhi ya safari aliirudisha betri garini ikiwa na uvuguvugu wa jiko, ameizungushia blanketi. Injini iliwaka mara moja. Erchimen alinibusu shavuni, akasema nisitoke nje bila shali. Tulilitazama gari likishuka ukingo wa mto hadi ukungu ulipolifunika, na sauti yake ikaendelea kusikika muda mrefu baada ya kutoonekana, maana katika baridi ile sauti hailali mapema.

Siku ya pili yake, msafara wa mafuta ulimkuta. Alikuwa ameketi ndani ya gari, mikono ameiweka kwapani.

Huko mtoni simu hazishiki. Prokopi alikwenda kulichukua gari pamoja na Keskil, mtoto wa marehemu mdogo wake. Keskil alikuwa amekula sufuria moja na Erchimen tangu utoto. Baba yake alipokuwa akikata roho alimshika Prokopi mkono, akaupeleka juu ya kichwa cha kijana huyo, wala hakuwa na haja ya kusema zaidi. Sasa Keskil alikuwa mtu mzima, ana mke na binti mdogo, na anaendesha lori la mizigo kwenye barabara ya barafu.

Waliporudi, Prokopi alinieleza alichokikuta, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya mwingine. Maji yalikuwa yameingia kwenye petroli, yakaganda ndani ya bomba, injini ikakosa mafuta. Betri haikuwa na kosa. Swichi ya taa za tahadhari ilikuwa imebonyezwa, na betri ilikuwa tupu kabisa kwa sababu taa zile zilikuwa zimewakawaka hadi mwisho.

"Haikumwangusha, Mama Erchimen," aliniambia. "Ilimwitia watu mpaka ikaishiwa nguvu."

Keskil alikuwa ameketi mezani bila kuvua glovu. Nilikuwa nimeshika birika, nikitaka kummiminia chai, kwa sababu mikono hutafuta kazi wakati kama ule.

"Baba mkubwa," akasema, "mimi nilipita pale."

Prokopi aliuliza alipita wapi.

"Pale pale. Nilikuwa narudi na mzigo. Niliona taa zinawaka na kuzima kwenye ukungu. Sikujua ni yeye."

"Hukusimama."

"Nyuma yangu kulikuwa na malori mawili. Nilikuwa sijalala tangu juzi yake. Nikasema hao wa nyuma watasimama. Sikujua wameshakata kona kwenda mgodini."

Baba mkwe wangu alirudi kwa ajili ya kisiki. Najua sote watatu tulikifikiria kisiki kile kwa wakati mmoja, kwa sababu hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Birika lilikuwa likiniunguza kiganja na sikuliweka chini.

Prokopi alimuuliza amemwambia nani. Hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Akasema atasema, atasimama mbele ya watu siku ya maziko na kusema.

"Ukishasema utaishi wapi?" Prokopi alimuuliza. "Nani atapanda gari lako? Nani atakuuzia nyama? Mtoto wako atacheza na nani?"

"Sijui."

"Mmoja kaondoka. Wewe nikupeleke wapi?" Aliinuka, akatia kuni jikoni, akakaa tena. "Ilikuwa betri. Betri yake ilikuwa mbovu, nami sikugundua. Basi. Vua glovu, unywe chai."

Kisha akanitazama mimi. Hakuomba ruhusa, ila alingoja. Nilijua kinachouzwa na kinachonunuliwa. Jina la nyumba lilikuwa limewekwa upande mmoja wa mizani, na upande wa pili jina la mume wangu katika kazi pekee ambayo alikuwa akiijua kuliko wote. Niliitikia kwa kichwa. Ningefanya hivyo hivyo leo.

Aliwaambia watu siku ya maziko. Mzee Yegor hakuamini, akamvuta kando ya moto wa makaburini.

"Wewe? Betri mbovu? Wewe unayeijua betri kwa kuinusa?"

"Nilikosea," Prokopi akajibu. "Nilikuwa nimefurahi mtoto kuja. Sikuipima."

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Walianza kuja mmoja mmoja, kwa adabu, kuchukua betri zao. Huyu mwanawe amenunua chaja, yule shemeji yake ana gereji. Fevronia alikuja mwisho, akaichomoa ya uzi wa kijani kutoka mikononi mwa Prokopi alipokuwa akimsaidia kuibeba, akasema ataiburuta mwenyewe, haina haja. Hakumaliza chai yake. Kabla ya theluji kuyeyuka, safu ilikuwa imekwisha, na ukutani palibaki alama za weupe pale zilipokuwa zikikaa.

Msimu uliofuata wazazi waliitisha mkutano shuleni. Nilikwenda. Nilivaa koti langu la mbweha na hereni za mama yangu, nikaketi mstari wa mbele, pale nilipoketi miaka yote nikiwafundisha wao hao kusoma. Walizunguka sana kabla ya kufika kwenye hoja. Mwisho mama mmoja kijana, ambaye namkumbuka kwa hati yake nzuri, alisema hakuna anayemlaumu baba Prokopi, ila njia ni ndefu, baridi ni kali, na watoto ni watoto. Nyuma ya ukumbi kiti kilianguka. Nilipogeuka nilimwona Keskil ameinuka, mdomo wazi. Prokopi naye alimwona. Alitoa funguo za gari la shule mfukoni, akazipeleka mezani mwenyewe, akasema kwamba hata hivyo macho yake yamechoka. Keskil akatoka nje. Mlango uliingiza baridi, watu wakalalamika kwamba miguu inaganda.

Hivyo tukabaki bila gari la kuendesha, tukiwa na betri moja tu.

Gari la Erchimen lilivutwa nyuma ya banda, na theluji ikalimiliki. Betri yenye uzi wa buluu ilirudi kando ya jiko. Prokopi aliiongezea maji ya betri, akasugua vichwa vyake kwa brashi, akaiunganisha na chaja kila ilipohitaji. Haikuwa na gari la kuwasha, wala hakukubali kuiazima. Jioni aliinama akausoma mshale, mkono mmoja kwenye goti, kisha akainuka polepole.

"Bado inashika," aliniambia.

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la usiku mwema. Sikumjibu kwa maneno; nilimtengea chai. Tulikuwa watu wawili na betri, na kati yetu jambo ambalo hatukulitaja tena hata mara moja. Wageni walipokosekana nilijifunza kupika chapati chache. Majirani walinisalimu vizuri, kwa sababu mimi si mtu wa kusalimiwa vibaya. Yeye walimsalimu kwa huruma, na huruma ile aliivaa kama koti la kuazima lisilomtosha mabegani.

Keskil alituletea barafu ya kuyeyusha maji ya kunywa, na kuni, akapasua magogo hadi mvuke ukamtoka mgongoni. Hakukaa upande wa kushoto wa jiko. Akila, alilipa jiko kisogo. Mara moja nilimsikia uani akimwambia Prokopi kwamba hawezi tena, anataka kusema. Prokopi alimjibu kwamba mwenye haki ya kuchoka ni aliyebeba, na yeye hajachoka.

Moyo wake ulikuwa umechoka, hata kama yeye alikuwa bado. Ulisimama mwezi wa baridi kuu, kulipokuwa kunapambazuka. Nilikuwa naukoroga uji wa siagi aliokuwa ameuomba. Nilipogeuka, alikuwa ametazama upande wa chaja.

Ardhi yetu haichimbiki mwezi huo bila moto. Wanaume huwasha magogo juu ya kaburi, wakachimba kilicholainika, wakawasha tena. Keskil hakumwachia mtu moto ule. Alikaa nao hadi kaburi lilipotimia, uso mweusi kwa moshi, na mkewe akimletea chakula ambacho aliwagawia mbwa. Siku ya maziko aliliacha lori, akaleta gari lake dogo ili awabebe wazee, akaliegesha langoni kwetu, na kwa heshima ya marehemu akaizima injini wakati jeneza linatoka, ili lisitoke kwa kelele. Kisha akalibeba jeneza begani, akasahau kuiwasha tena. Hilo ni kosa ambalo mtoto wa darasa la kwanza kwetu halifanyi.

Baada ya makaburini watu walikula kwetu. Nilikuwa nimekwisha kuulisha moto wa jiko chapati ya kwanza, kama ilivyo desturi. Nyumba ilijaa kama enzi zile za safu ya betri, na nikaona watu wakiukwepa ukuta ule kwa macho. Mzee Yegor alisimama kusema. Alisema vizuri. Alimtaja baba mkwe wangu na kisiki, watu wakatabasamu. Akamtaja Prokopi, mikono yake, subira yake.

"Alikosea mara moja," akasema, "na kosa likamchukulia mwanawe. Mungu amemlipisha vya kutosha. Sisi hapa tumeshamsamehe, Mwalimu, na tunataka uelewe hivyo."

Walinitazama wote. Nikasema asanteni. Keskil alikiweka kijiko chini, akalisogeza bakuli mbali.

Wenye magari waliondoka mapema, maana jua letu la Januari halikai. Walibaki wazee waliokuwa wamengojea kupelekwa na Keskil: Yegor, Fevronia na wengine wawili watatu wa mtaa wa mbali. Tuliwatoa nje. Ukungu ulikuwa umeshashuka hadi kwenye paa. Keskil aliketi, akageuza ufunguo. Stata ilikohoa mara moja, ikanyamaza.

Fevronia hakuweza kujizuia, hata siku ile.

"Keskil, mwanangu, nyumba ya betri, na wewe huna betri?"

Wazee walicheka kidogo, wakipigapiga miguu. Alijaribu tena. Hata kukohoa hakukuwapo. Nikaona kope za Fevronia zimeanza kuwa nyeupe.

"Ndani ipo moja," nikasema.

Keskil alishuka garini. "Hapana, mama mkubwa. Nitakimbia nikatafute mtu mwenye gari."

"Wazee wanaganda."

"Mama mkubwa, tafadhali. Si ile."

"Hakuna nyingine," nikamwambia, na ilikuwa kweli. Miaka ya nyuma angechagua kati ya betri za nusu ya kijiji. "Ingia uilete."

Aliingia. Alikaa ndani muda mrefu kuliko inavyohitajika. Alipotoka alikuwa ameikumbatia chini ya koti, kidevu juu yake, na mvuke wa nyumba ukimfuata. Aliitoa iliyokufa, akaikaza hii nati mbili tatu kwa vidole vitupu, ngozi ikinata kwenye chuma. Kisha akaketi na kugeuza ufunguo, na injini ikawaka kwa mzunguko wa kwanza, bila kusita, kama ilivyowaka asubuhi ile ya Erchimen.

Mzee Yegor, dereva ni dereva, alikuwa ameinama kwenye boneti kuisikiliza. Nikamwona anavua glovu. Aliushika uzi kwenye mshikio.

"Uzi huu naujua," akasema. "Huu ni wa Erchimen."

Akainama zaidi, akaitazama betri yenyewe.

"Hii si ndiyo ile mbovu?"

Ningeweza kusema kwamba uzi ulihamishiwa kwenye betri nyingine. Maneno yalikuwa tayari kinywani mwangu, yamevaa vizuri kabisa, na Yegor angeniamini, kwa sababu mwalimu hasemi uongo. Lakini Keskil alikuwa ameshashuka, amesimama mwangani mwa taa za gari, na alikuwa amevua kofia.

"Haijawahi kuwa mbovu," akasema. "Erchimen aliwasha taa zake. Mimi niliziona, nikapita."

Injini iliendelea kuunguruma. Ilikuwa na sauti nzuri.

"Prokopi alijua?" Yegor akauliza.

"Siku ile ile. Ndiye aliyesema ni betri. Mimi nilikubali."

Yegor alisimama hapo bila glovu hata nikamwogopea vidole. Fevronia alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe. "Mimi nilimpokonya yangu mkononi," akasema, si kwa mtu yeyote. Kisha Yegor akafunga boneti polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Hakumtazama Keskil. Alimshika Fevronia kiwiko, wakageuka, wakaanza kutembea kuelekea mtaa wa mbali, na wale wengine wakawafuata. Milango ya gari ilikuwa wazi, viti vinapata moto, na wazee ambao hawawezi kumaliza ngazi za posta bila kupumzika wakaingia katika ukungu kwa miguu yao.

Keskil alibaki amesimama. Theluji ilikuwa imeshaanza kumshika nywele.

Nilizunguka gari, nikafunga milango ya nyuma, nikaketi kiti cha mbele. Nilikuwa na shali tu, sikuwa nimechukua hata kofia. Alipoingia alishika usukani kwa mikono yote miwili na asiweze kuondoka.

"Twende wapi, mama mkubwa?"

"Wafuate," nikasema. "Taratibu. Wamulikie njia."

Tukawafuata kwa mwendo wa miguu yao, taa zikiangaza migongo yao, vivuli vyao virefu vikitangulia mbele. Walijua tuko nyuma. Mmoja alipoingia langoni kwake, tulingoja mlango ufungwe, tukaendelea na waliobaki. Wa mwisho alikuwa Yegor. Alisimama kidogo langoni, mgongo kwetu, nikadhani atageuka. Akaingia.

Keskil alihama na mkewe na binti yao kabla barafu ya mto haijapasuka. Hakuna aliyemfukuza. Ni kwamba dukani foleni ilifunguka alipoingia, akahudumiwa wa kwanza, kimya, ili atoke. Sasa watu huja kwangu tena. Wananieleza Prokopi alikuwa mtu wa namna gani, kana kwamba mimi niliishi naye kwa mbali. Fevronia alileta uzi wa kijani akaufunga kwenye msalaba wa kaburi. Na mtu akianza kusimulia habari ya kisiki, hufika katikati akakumbuka niko hapo, akaomba chai.

Siku Keskil na familia yake walipoondoka, nilikuta betri barazani, imefutwa, imefungwa blanketi. Alikuwa ameileta bila kubisha hodi. Ni nzito kwangu. Niliiburuta juu ya blanketi lake hadi kizingitini, nikapumzika, nikaivusha, baridi ikiingia nami hadi chini ya meza. Niliirudisha upande wa kushoto wa jiko. Nikaunganisha waya kama nilivyomwona Prokopi akifanya, nyekundu kwanza, nikainama kusoma mshale, mkono mmoja kwenye goti.

Bado inashika. Nilisema kwa sauti, kisha nikajitengea chai.